Timu ya Taifa Ikishindwa, Nani Alaumiwe?

Tarehe 18 Novemba 2025 timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, ilicheza na Senegal huko Antalya, nchini Uturuki, ikafungwa mabao 8 kwa 0. Mchezo huo ulikuwa wa kirafiki, usio na kikombe wala pointi. Lakini habari zake zilipofika Katito, pale barabara itokayo Ahero kwenda Sondu inapoachana na ile ya Kendu Bay, hazikupokewa kirafiki hata kidogo. Sokoni, kwa vinyozi, kwenye vituo vya pikipiki na katika vyumba ambamo watu hulipa kiingilio ili watazame mpira, neno lililosikika sana lilikuwa moja: mwalimu wa timu afukuzwe.

Mwalimu huyo, Benni McCarthy, ni mtu wa Afrika Kusini aliyetwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya pamoja na klabu ya FC Porto mwaka 2004. Alikabidhiwa timu mwezi wa Machi 2025. Miezi mitatu tu kabla ya kichapo cha Antalya, watu hao hao waliokuwa wakidai afukuzwe walikuwa wakilisifu jina lake. Agosti 2025 michuano ya CHAN, yaani ile ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe, ilifanywa Kenya, Uganda na Tanzania. Kenya iliifunga Kongo 1 kwa 0, ikatoka sare na Angola 1 kwa 1, ikaishinda Morocco 1 kwa 0 hali imebaki na watu 10 uwanjani, kisha ikaifunga Zambia 1 kwa 0. Ikaongoza kundi lake kwa pointi 10. Tarehe 22 Agosti ikatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti, na hata siku ile watu walilia kwa fahari wala si kwa hasira.

Majuma mawili baadaye, tarehe 5 Septemba, Gambia walikuja Kasarani wakashinda 3 kwa 1 katika mashindano ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la mwaka 2026. Hapo sifa zikaanza kugeuka shutuma, na kufikia Novemba zikageuka matusi.

UCHUNGU WENYE SABABU

Si haki kuwacheka watu wa Katito kwa uchungu wao. Mkulima wa mpunga au wa mtama anayeacha shughuli zake jioni ili atazame mpira, na karani anayetoa kiingilio katika mshahara mdogo, wanaitazama mali yao wenyewe. Timu ya taifa hutunzwa kwa kodi ya wananchi, nao wana haki ya kuuliza habari zake kama wanavyouliza habari za barabara na zahanati.

Tena Kenya si nchi ngeni katika mchezo huu. Kombe la Gossage lilipoanzishwa mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, Kenya ndiyo iliyolitwaa kwanza. Mwaka 1981, 1982 na 1983 ilitwaa kikombe cha Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo. Mwaka 1987, katika Michezo ya Afrika Nzima iliyofanywa Nairobi, ilifika fainali ikashindwa na Misri kwa bao 1 tu. Mwaka huo huo Gor Mahia, klabu inayopendwa sana katika pwani yote ya ziwa, iliwashinda Espérance wa Tunis ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika. Wazee wa Nyakach waliosikiliza mchezo ule kwa redio hawajausahau.

Lakini katika Kombe la Mataifa ya Afrika hesabu ni nyembamba. Kenya ilifika huko mwaka 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019, na mara zote 6 ilirudi nyumbani baada ya michezo ya makundi. Katika kutafuta nafasi ya michuano ya 2025 ilimaliza ya tatu nyuma ya Cameroon na Zimbabwe. Jirani zake Uganda na Tanzania walikwenda Morocco mwezi wa Desemba 2025. Wakenya walibaki kutazama. Mtu aliyeonja asali zamani huumia zaidi akipewa shubiri.

WALIMU WAPITA NJIA

Hata hivyo, yafaa kuuliza kama dawa ya kumfukuza mwalimu imewahi kuponya. Mfano mzuri ni Senegal wenyewe. Machi 2015 walimpa timu Aliou Cissé, aliyekuwa nahodha wao mwaka 2002. Mwaka 2017 alitolewa katika robo fainali ya Afrika. Mwaka 2019 alishindwa katika fainali na Algeria. Wako waliotaka aondolewe, lakini aliachwa aendelee na kazi. Februari 2022 Senegal iliifunga Misri kwa penalti ikatwaa Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Cissé aliondoka Oktoba 2024, baada ya miaka 9.

Katika muda huo huo Kenya ilipita mikononi mwa walimu wasiopungua 7: Bobby Williamson, Stanley Okumbi, Paul Put, Sébastien Migné, Francis Kimanzi, Jacob Mulee na Engin Firat. Paul Put alitwaa kikombe cha Afrika Mashariki na Kati Desemba 2017, na Februari 2018 alikuwa amekwisha kwenda zake. Firat, aliyekaa muda mrefu kuliko wengi wao, aliondoka Desemba 2024 akilalamika kwamba hajalipwa mishahara yake.

Habari ya Adel Amrouche ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Desemba 2013 aliipa Kenya kikombe cha Afrika Mashariki na Kati mbele ya watu wake katika Uwanja wa Nyayo. Agosti 2014, baada ya timu kutolewa na Lesotho, alifukuzwa. Wengi walishangilia. Lakini mkataba ni mkataba. Kesi ilifika hata mahakama ya michezo ya kimataifa, na mwisho Shirikisho la mpira likatakiwa kumlipa fidia ipatayo shilingi milioni 100. Fedha hizo zingeweza kusawazisha viwanja vingi vya shule. Hasira ya siku moja ilileta deni la miaka.

NYUMBA ISIYO NA MSINGI

Mwalimu wa timu ya taifa hukaa na wachezaji siku chache tu kabla ya mchezo. Hawezi katika siku hizo kumfundisha mtu wa miaka 25 namna ya kutuliza mpira. Anapokea kile kilicholelewa na wengine, kama mpishi apokeavyo unga uliokwisha kusagwa. Ukiwa na mchanga, chakula kitakuwa na mchanga, awe mpishi huyu au yule.

Basi unga huo unasagwa wapi? La kwanza ni uongozi. Kenya ilifungiwa na FIFA mwaka 2004, tena mwaka 2006, tena Februari 2022 baada ya Serikali kulivunja Shirikisho kwa tuhuma juu ya matumizi ya fedha. Kifungo hicho cha mwisho kilidumu hata mwisho wa Novemba 2022, na kwa ajili yake Kenya haikushiriki kabisa katika kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika la 2023. Mashindano mazima yalipita bila mguu wa Mkenya kugusa mpira, wala hapana mwalimu awezaye kulaumiwa kwa hilo.

La pili ni viwanja. Juni 2024 Kenya ilicheza michezo yake ya “nyumbani” na Burundi na Ivory Coast katika mji wa Lilongwe, Malawi. Na baadaye mwaka huo ikazipokea Zimbabwe na Cameroon mjini Kampala, kwa kuwa Kasarani na Nyayo vilikuwa vikitengenezwa, wala nchi haikuwa na uwanja mwingine uliokubaliwa. Timu isiyo na nyumbani hucheza kila siku kama mgeni.

La tatu ni malezi ya vijana, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Sadio Mané, aliyepiga penalti ya ushindi wa Senegal mwaka 2022, alizaliwa Bambali, kijiji cha kusini mwa nchi, mbali na mji mkuu. Alipofika Dakar alipokelewa katika chuo cha Génération Foot, kilichoanzishwa mwaka 2000, akafundishwa mpira kwa utaratibu. Morocco nayo ilifungua chuo cha mpira mwaka 2009. Mwaka 2022 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ya kwanza kwa Afrika, na baadhi ya wachezaji wake walikuwa wamelelewa humo. Mkulima anaijua habari hii bila kufundishwa: mwembe haupandwi leo ukaliwa kesho.

MASHABIKI NAO WAJITAZAME

Kusema hivyo si kumvika mwalimu joho la malaika. Mwalimu alipwaye na umma yampasa aeleze kwa nini amemchagua huyu akamwacha yule, na kwa nini walinzi wamefanya kosa lile lile mara tatu. Mabao 8 ni mengi hata katika mchezo wa kirafiki, na anayeomba subira sharti aonyeshe kwanza kwamba ana mpango.

Lakini mashabiki nao wana sehemu yao. Wakati wa CHAN, watu wasio na tiketi walivunja utaratibu na kuingia Kasarani kwa nguvu, hata CAF ikaamuru kwamba katika michezo iliyofuata wasiingizwe zaidi ya watu 27,000. Hivyo wenye pupa waliwanyima nafasi wenye adabu, nayo timu ikapoteza sauti za maelfu. Kadhalika wako wanaomtukana kijana wa miaka 20 kwa kukosa penalti, kisha wakashangaa mguu wake ukitetemeka siku nyingine. Tena wako wanaozijua ratiba zote za klabu za Uingereza, na hawajapata kutazama ligi ya shule za sehemu yao.

KAZI INAYOANZIA NYAKACH

Uko uwanja mzuri Mamboleo, karibu na mji wa Kisumu, wenye jina la Jomo Kenyatta, ambako sherehe za Madaraka zilifanyika mwaka 2021. Ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa Nyakach hajifunzi mpira Mamboleo. Hujifunza katika uwanja wa shule yake ya msingi, kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba, pamoja na ng'ombe wanaolisha humo humo. Na mvua kubwa zikija, sehemu za tambarare zikifurika, hata huo hukosekana.

Kuna mambo ambayo wazazi na kamati za shule wanaweza kuyadai bila kungoja Nairobi. Kila uwanja wa shule uwe na hati na mipaka iliyowekwa, usije ukamegwa kidogo kidogo. Kila shule iwe na mwalimu mmoja aliyefundishwa kazi ya kuwanoa watoto katika mchezo, wavulana na wasichana. Kila wadi iwe na ligi ya watoto inayoanza na kumalizika kwa tarehe zilizotangazwa. Na mbunge au mwakilishi wa wadi ajapo kuomba kura akiwa na jezi na mipira ya kugawa, aulizwe pia juu ya uwanja, maana jezi huchakaa katika mwaka mmoja.

Kwa Shirikisho dai ni fupi: mwalimu apewe mkataba wenye shabaha zilizoandikwa, alipwe kwa wakati, apimwe kwa shabaha hizo, na hesabu za fedha zitangazwe ili kila mtu azisome.

Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa pamoja heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Walioomba ugeni huo walijua kwamba wageni hawatazami viti na mapazia peke yake. Hutazama pia watoto wa nyumbani wamelelewaje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Harambee Stars hauko katika kiti cha mwalimu peke yake. Umeanzia chini, katika viwanja visivyo na milingoti, na huko ndiko wenye uchungu wa kweli wanapaswa kupeleka majembe yao.