Dawa ya Shamba Hutembea Ndani ya Mmea

Katika nyumba nyingi husikika neno hili: «Osha nyanya vizuri, sumu itaondoka.» Neno hilo ni kweli nusu tu. Dawa nyingine hukaa juu ya jani kama vumbi. Nyingine huingia ndani ya mmea na kutembea humo. Tofauti hiyo hutoka katika asili ya dawa yenyewe.

Kwanza tujue kwamba mmea una njia mbili. Njia moja hupandisha maji toka mizizi mpaka majani. Ya pili huchukua sukari iliyotengenezwa na majani, na kuipeleka kwenye mizizi, matunda na machipukizi.

Tena, jani limevikwa nta. Dawa yenye asili ya mafuta hunaswa katika nta hiyo. Hivyo ndivyo ilivyo DDT, ambayo Paul Müller alivumbua nguvu yake ya kuua wadudu mwaka 1939: haiyeyuki katika maji ila kidogo mno, wala haisafiri katika mmea ila kwa shida.

Imidaklopridi, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, ni kinyume chake. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 0.6 hivi. Ikitiwa katika udongo, mizizi huinywa, nayo hupanda pamoja na maji mpaka majani. Mdudu anyonyaye utomvu hufa. Lakini sumu kidogo hufika hata katika maji matamu ya maua, nao nyuki huumia. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliikataza katika mashamba ya wazi mwaka 2018.

Glifosati, dawa ya magugu, hufuata njia ya sukari: hushuka toka jani na kuua hata mizizi.

Basi, tufanye nini? Dawa iliyobaki juu hupunguzwa kwa kuosha. Dawa iliyokwisha kuingia ndani haitolewi na maji. Mmea huivunja polepole, siku kwa siku. Ndiyo maana ya zile siku za kungoja zilizoandikwa juu ya chupa. Lengalenga zilizopigwa dawa jana zisipelekwe sokoni leo, hata zikioshwa mara tatu. Nawe mwanafunzi ujuaye kusoma, wasomee wazazi wako maandiko ya chupa kabla dawa haijafunguliwa. Huo ni msaada mkubwa kwa afya ya jamaa yote.