Kuhamia Chuo Kikuu cha California kusomea Uchumi (2): Hesabu hupangwa kwanza

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mpango wa elimu ya juu uliopitishwa California mwaka 1960 ulivyomfungulia njia anayeanzia chuo cha jamii, kwa ada nafuu, akamalizie miaka miwili ya mwisho katika Chuo Kikuu cha California. Leo tutazame masomo anayotakiwa awe ameyamaliza kabla ya kuhama, maana hapo ndipo safari ya mwanauchumi hukwama.

Orodha ni fupi kiasi cha kumdanganya mtu: maikroekonomia na makroekonomia za utangulizi, kozi mbili za kalkulasi, na katika baadhi ya kampasi takwimu. Aliyezoea kuuweka uchumi pamoja na historia na siasa atauliza kalkulasi imetoka wapi. Imetoka mwaka wa tatu. Huko hakuna tena kuambiwa kwamba bei ikipanda wanunuzi hupungua. Mwanafunzi hupewa mlinganyo unaoeleza mapendeleo ya mnunuzi, akapewa na kipato chake, kisha akatakiwa kukokotoa anunue nini na kiasi gani ili aridhike kadiri iwezekanavyo. Bila kalkulasi swali hilo halianzi. Ndiyo maana kampasi ya Los Angeles, UCLA, haimruhusu mtu kuingia darasa la maikroekonomia ya daraja la kati kabla hajapita kozi mbili za kalkulasi.

Tena kalkulasi si ya aina moja. Vyuo vya jamii hufundisha ile wanayosoma wahandisi, na pia nyepesi zaidi iliyotungwa kwa wanafunzi wa biashara. UCLA hutaka ya wahandisi. Santa Barbara kwa miaka mingi imekuwa ikikubali kwa shahada ya uchumi hata kalkulasi ya wanafunzi wa sayansi za jamii. Anayechagua kozi kwanza na kampasi baadaye anaweza kujikuta na alama nzuri katika somo lisilohesabika kule anakokwenda.

Jawabu liko katika tovuti ya ASSIST, ambako makubaliano kati ya vyuo vya jamii na kampasi za chuo kikuu yameorodheshwa kozi kwa kozi, mwaka kwa mwaka. Jina la kozi halithibitishi kitu. Kinachotazamwa ni namba yake na mwaka ambao uliisoma. Mshauri wa masomo akikwambia "hiyo itakubaliwa", mwombe kwa adabu akuoneshe mstari wenyewe. Washauri wengi ni wema, lakini wanahudumia watu wengi.

Kampasi za Berkeley na Merced hufuata mihula miwili kwa mwaka. Nyingine zinazofundisha shahada ya kwanza hufuata robo. Kwa hiyo kozi mbili za muhula zinaweza kulingana na tatu za robo, na mfululizo uliokatwa katikati huacha pengo. Ukianza kalkulasi chuo kimoja, imalizie hapohapo.

Sasa kalenda. Maombi ya kuingia msimu wa vuli hufungwa karibu na mwisho wa Novemba ya mwaka uliotangulia, na masomo haya lazima yaishe kufikia muhula wa machipuko. Anayehitaji hesabu za maandalizi kabla ya kalkulasi ana mihula mitatu ya kufuatana, wala hawezi kusoma miwili kwa mpigo. Akianza mara tu anapofika, wa tatu unaishia Desemba, akabaki na muhula mmoja wa akiba. Akichelewa muhula mmoja, kalkulasi ya pili inaangukia mwishoni kabisa, wakati barua ya kukubaliwa iko mkononi lakini ni ya masharti. Akifeli, nafasi inaweza kufutwa. Masomo ya uchumi yenyewe yanaweza kusubiri, hesabu haisubiri.

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, kijana wa Mombasa au Mwanza tuseme, kuna kikwazo cha ziada. Lazima achukue angalau krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni kozi moja tu ya mtandaoni inayohesabiwa. Darasa la kalkulasi la ana kwa ana likijaa, la mtandaoni huenda lisimfae. Ajisajili siku dirisha linapofunguliwa.

Wiki ijayo tutaeleza dhamana ya udahili inayoombwa Septemba, na kwa nini Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo.