Mjamzito na Mchuzi wa Papa

Papa mkavu akishalowekwa, akapikwa kwa tui zito na ukwaju, wali huisha sahani haijapoa. Najua ninachogusa nikisema hivi, lakini mama mjamzito au anayenyonyesha chungu hicho akiache kwanza.

Sababu ni zebaki. Moshi wa makaa ya mawe na machimbo madogo ya dhahabu huirusha hewani, kisha mvua huishusha majini, na humo bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, sumu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Viumbe wadogo kabisa huinywa, samaki wadogo huwala hao, na wakubwa huwala wadogo. Kila mlaji hubeba mzigo wa aliowala. Dagaa haishi muda mrefu wa kulimbikiza. Papa na nduwaro huishi miaka mingi wakila samaki waliokula samaki.

Ndimu haiitoi sumu hiyo, wala kuchemsha, maana imeshikamana na protini ya mnofu. Jua nalo hukausha maji tu. Zebaki hubaki yote katika kipande ambacho sasa ni chepesi.

Huko Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa ukatambuliwa mwaka 1956, walizaliwa watoto wenye ubongo ulioharibika, ilhali baadhi ya mama zao walionekana wazima. Ndiyo maana namtaja mjamzito kabla ya wengine wote.

Ninachokiogopa zaidi, hata hivyo, ni mama kusikia haya akaacha samaki kabisa. Omega-3, mafuta yaliyomo kwenye samaki, hasa ile iitwayo DHA, hujenga ubongo na macho ya mtoto aliye tumboni. Shelisheli, katika bahari yetu hii hii, watafiti walifuatilia watoto ambao mama zao walikula samaki kama mara 12 kwa wiki, na hawakuona madhara ya wazi. Katika visiwa vya Faroe, ambako zebaki ilitoka hasa kwenye nyama ya nyangumi, watoto walipungukiwa kidogo katika kumbukumbu na lugha.

Marekani humshauri mjamzito ale gramu 227 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo. Kwetu hao ni dagaa, vibua, sato: milo miwili au mitatu, na bei yake nafuu.

Mwili huchukua takriban miezi miwili kutoa nusu tu ya zebaki iliyomo. Anayepanga kubeba mimba abadili samaki sasa, asingoje kadi ya kliniki.