Mkono wa Mwenye Mali Ndani ya Gunia

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka lililokuwa likiuzwa. Hakutosheka na kulitazama kwa juu, bali aliingiza mkono wake ndani, na vidole vikakuta unyevunyevu. Muuzaji alipoulizwa alijitetea kuwa nafaka ile ilinyeshewa. Akaulizwa tena ni kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowana ili watu waione. Mara nyingi tukio hili hutajwa pale yanapozungumzwa mambo ya udanganyifu katika biashara. Leo tunapenda kuutazama ule unyevu wenyewe, kwani katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, unyevu ndani ya mahindi unagusa uhai wa watoto wetu.

Nyanda za juu za Mbulu zina baridi, na mwezi wa Juni na Julai ukungu hutanda asubuhi juu ya mashamba. Lugha yetu inatumia neno hilo hilo, ukungu, kwa ule uotao juu ya nafaka iliyowekwa ghalani kabla haijakauka, na huenda ni vyema mkulima akayakumbuka yote mawili kwa pamoja. Ukungu huo wa ghalani huzalisha sumu iitwayo sumukuvu. Aina yake mashuhuri ni aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho, haina ladha, wala moto wa kusongea ugali hauiondoi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibika ini na aweza kupatwa na saratani yake. Anayeila kwa wingi huweza kufa katika muda mfupi.

Haya si mambo ya nchi za mbali. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Kondoa, Chemba na Kiteto, na 20 kati yao wakafariki dunia; chanzo kilikuwa mahindi waliyokula majumbani mwao. Huko Haydom, wilayani Mbulu, watafiti waliwapima watoto wadogo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na dalili za aflatoksini katika damu. Sumukuvu nyingine, fumonisini, ilionekana kuambatana na upungufu wa uzito wa watoto hao. Ni watoto wanaokunywa uji kila siku, na uji huo ni wa mahindi.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kiwango cha mwisho cha aflatoksini katika mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Lakini ofisa wa TBS hakai mlangoni mwa kila mashine ya kusaga ya Katesh au Dongobesh. Anayekaa pale ni mwenye mashine, na kwa hakika yeye ndiye kiongozi tunayemkusudia katika makala haya.

Mwenye mashine aweza kubandika ukutani tangazo zuri la usafi. Vijana wake hawalisomi, wanamsoma yeye. Siku atakapowaambia wachanganye gunia lililovunda na magunia matano mazuri ili hasara isionekane, watakuwa wamefundishwa somo ambalo hakuna semina itakayolifuta. Na siku kijana atakapokataa kulipokea gunia la mteja mkubwa kwa sababu limenyauka na kunuka uvundo, jibu la tajiri mbele ya mteja yule ndilo litakaloamua kama kijana atathubutu kukataa mara ya pili. Iwapo ujira wake ni wa kuhesabu magunia aliyosaga, basi amekwishaadhibiwa kwa uaminifu wake. Hapo ndipo tajiri hupaswa kutoa kitu mfukoni.

Wapo wanaosema, "Mahindi si yangu, mimi nasaga tu." Udhuru huu ni dhaifu. Masalia ya mahindi mabovu hubaki ndani ya mashine na kuingia katika unga wa mama anayefuata kwenye foleni.

Ama kuhusu kukoboa, ni kweli kwamba sembe huwa na sumu pungufu kuliko dona, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Lakini pumba hizo huenda wapi? Hulishwa ng'ombe, na sumu hupita mwilini mwake ikatokea katika maziwa. Kwa jamii za wafugaji wa Hanang, mtoto aliyeepushwa na sumu kwenye ugali huipata kwenye kikombe. Mwenye mashine anayejali huyazuia mahindi yaliyoota ukungu mlangoni, kabla hayajakobolewa, wala hayauzi kwa bei ya chini kwa maskini au kwa wafuga kuku.

Na mnunuzi je? Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Asiye na kipimo achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi pamoja na chumvi kavu, atikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Siku ya mnada, kabla ya kulipa, aingize mkono hadi kiwiko ndani ya gunia, na muuzaji akimzuia, aende kwa mwingine.