Nguo ya Kwanza Ni ya Mshonaji

Maisha yakipinduka, nguo za mtu hukataa kumtosha. Aliyefiwa hukosa hamu ya chakula akakonda. Aliyeachika hujikuta na kabati lililojaa nguo zilizochaguliwa kwa ladha ya mwingine, aliyepunguzwa kazini hubaki na suti zisizo na pa kuvaliwa, na aliyehamishwa na mafuriko hutoka na nguo aliyovaa tu. Mjini Kisumu na kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wako watu, wanawake hasa, ambao nyakati kama hizo hurudi kwenye cherehani na kuanza kujishonea wanachovaa. Kazi hiyo ina historia yake hapa, ina gharama zake, na ina namna ya kufanywa ili imsaidie aliyeelemewa badala ya kumwongezea mzigo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waluo wengi walivaa ngozi na shanga. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo, yaani Kisumu ya leo, merikani na vitambaa vingine vya dukani viliingia kwa wingi, na nyuma yake wakaja mafundi wa Kihindi na cherehani zao. Wanafunzi wa misheni walioacha ngozi na kuvaa shati waliitwa jonanga, watu wa nguo, na jirani aliyewaona njiani alijua papo hapo kwamba wamehamia upande mwingine wa maisha. Kubadili nguo na kubadili maisha vimeandamana ufuoni hapa tangu enzi hizo. Kwa miaka mingi fundi alikuwa mwanamume aliyeketi barazani mwa duka: mteja alinunua kitambaa ndani, akapimwa nje. Wanawake walijifunza sindano katika shule za misheni, kama ile ya wasichana ya Ng'iya, na tangu 1952 katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake. Ndiyo maana mikono ya nyanya wengi wa Siaya na Homa Bay inajua kukunja pindo hata kama cherehani iliuzwa zamani.

Pamba nayo ililimwa hapa, na Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, kilichoanza miaka ya 1960 na kuanguka miaka ya 1990, soko la Kenya lilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakamiminika. Waliofanya kazi kwenye mitambo yake walipoteza mishahara, na mji ukapoteza kitambaa chake wenyewe. Leo Kibuye, soko kubwa la wazi linalofurika zaidi siku ya Jumapili, mitumba hutandazwa chini na kutundikwa juu kadiri jicho linavyofika.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu, na ni vizuri isemwe waziwazi. Gauni la mtumba mara nyingi ni rahisi kuliko kitambaa kipya cha kushonea gauni la namna hiyo hiyo, hata kabla ya kuhesabu uzi, zipu na vifungo. Anayeingia katika kushona akitarajia kuokoa fedha mwezi wa kwanza atavunjika moyo. Faida iko kwingine. Nguo ya mtumba ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine katika nchi nyingine, na mnunuzi hujikunja ili aingie ndani yake. Nguo ya kujishonea huanza na vipimo vya mwili ulivyo leo. Kwa mtu ambaye karibu kila jambo linaamuliwa na wengine, kuanzia siku ya mazishi hadi nani atakaa na watoto, kuchagua urefu wa mkono na upana wa shingo ni maamuzi madogo ambayo hakuna baraza la ukoo linaloyakalia.

Kufiwa na mume ndiyo hali inayoonyesha jambo hili wazi zaidi, na ufuo huu umeijua kupita kiasi. Ukimwi uliacha wajane wengi sana Nyanza katika miaka ya 1990 na 2000. Katika desturi ya Kiluo mjane huingia katika chola, kipindi cha msiba chenye miiko yake, na tangu zamani mavazi yalikuwa sehemu ya kipindi hicho. Mjane aliweza kuonekana amevaa koti au shati la marehemu. Baadaye nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Familia nyingi hufanya hivyo kwa upendo, lakini zipo zinazobeba kila kitu kabla mjane hajanyanyua kichwa, cherehani ikiwamo. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, inasema jambo ambalo wajane wengi hawajaambiwa: mtu akifa bila wasia, vitu vyake vya binafsi na vya nyumbani ni mali ya mwenzi aliyebaki moja kwa moja, awe na watoto au asiwe nao. Nguo zimo ndani ya vitu hivyo. Sheria hiyo hiyo inamfanya mtu anayeingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa mkosaji. Mjane anayetaka kubakiza mashati matatu ya mumewe, basi, haombi fadhila.

Na mashati matatu yanatosha kwa mengi. Shati la mwanamume ni mgodi kwa mshonaji anayeanza, kwa sababu kazi ngumu, yaani vifungo na matundu yake, imekwisha kufanywa. Kwanza hufumuliwa: ncha ya mkasi mdogo huingizwa chini ya uzi, hukatwa kila baada ya mshono wa tatu au wa nne, kisha uzi wa upande wa pili huvutwa na kutoka mzima. Mikono hutoka kwenye bega, kola hutoka shingoni. Ndani ya mishono rangi huonekana ilivyokuwa siku shati liliponunuliwa, kabla ya jua na sabuni. Vipande hufuliwa, hupigwa pasi na kutandazwa. Sehemu mbili za mbele, zikiwa bado zimefungwa vifungo, hugeuzwa kuwa mgongo wa blauzi au wa gauni la mtoto. Mgongo wa shati, ambao hauna mshono katikati, huwa mbele. Kola iliyochakaa hufumuliwa, hugeuzwa upande wa ndani ukawa wa nje, na kurudishwa. Mafundi wa zamani waliishi kwa kazi hiyo. Mtu anaweza kulia katikati ya kufumua, na kitambaa hakiharibiki. Kukata ndiko kusikofanywa machozi yakiwa machoni. Mkasi husubiri kesho.

Nje ya Afrika Mashariki, mfano wenye uzito zaidi wa nguo za wapendwa kugeuzwa kazi ya sindano unatoka Chile. Baada ya jeshi kutwaa serikali mwaka 1973 na watu wengi kutoweka, wanawake wa Santiago walikusanyika chini ya ulinzi wa Kanisa Katoliki wakashona picha za vitambaa zinazoitwa arpilleras, mara nyingine kwa vipande vya nguo za waume na watoto wao waliopotea. Uingereza, mwaka 1918, kulianzishwa shughuli ya kudarizi kwa ajili ya askari waliorudi vitani wakiwa walemavu. Hali hizo hazilingani na za mitaa ya Kisumu kama Nyalenda au Manyatta, lakini zinaonyesha kwamba watu wa mabara tofauti, bila kuambizana, wamewapa sindano walioumizwa na maisha.

Kwa nini sindano? Utafiti uliochapishwa 2013 katika jarida la Uingereza la tiba ya kazi (occupational therapy) uliwauliza wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali, na wengi walisema kufuma huwatuliza. Waliojibu walikuwa watu wanaopenda kufuma tayari, kwa hiyo jibu lao halithibitishi kwamba kila mtu atatulia. Ila lolote analosema mtaalamu, cherehani ya kukanyaga yenyewe ina masharti yanayoeleweka kwa kuitazama. Mkono wa kulia huanza kwa kulizungusha gurudumu kuelekea kwa mshonaji, ndipo miguu ifuate kikanyagio, kisigino na vidole kwa zamu. Gurudumu likirudi nyuma, uzi hujisokota na kukatika. Mikono miwili huongoza kitambaa, macho hufuata mstari. Hakuna kiungo kinachobaki bure. Akili inaweza kutangatanga wakati wa kufagia au kuosha vyombo, lakini ikitangatanga hapa mshono unapinda na kazi inasimama. Mtu asiyeweza kulala kwa mawazo hupata robo saa ambayo mawazo yamelazimika kufuata mstari mmoja wa chaki, na robo saa ya namna hiyo ni kitu kikubwa kwake.

Mshono pia hufumuliwa. Kati ya mambo yanayompata mtu mwaka mmoja mbaya, machache sana huruhusu kurudiwa.

Mwaka 2020 misukosuko miwili ilikutana ufuoni. Machi ugonjwa wa Korona uliingia Kenya, shule zikafungwa, na serikali ikasitisha kuingizwa kwa mitumba hadi Agosti. Mei ziwa likapanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, maji yakaingia nyumba za Dunga, Nyakach na Budalang'i, na familia zikahamia kambini. Barakoa zilipokuwa lazima, cherehani zilizokuwa zimefunikwa leso pembeni mwa sebule zilifunguliwa, zikatiwa mafuta, na waliojifunza tena kwa barakoa wakaendelea hadi sketi. Kambini, nguo za msaada zilikuja kwa marundo bila vipimo, na anayejua kupunguza kiuno au kuongeza pindo alikuwa na faida kubwa. Ziwa lilipanda tena 2024.

Ufuo una pia msukosuko wake wa kila mwaka. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena husimamishwa ili samaki wazaane, na wanawake wanaoanika na kuuza omena hukosa kipato kwa miezi minne. Ni majira ya mvua mwanzoni mwake, mikono haina kazi, na ndiyo miezi inayofaa kujifunza.

Anayeanza hahitaji mengi. Cherehani ya kukanyaga iliyotumika inatosha, na inafaa kuliko ya umeme mahali ambapo umeme hukatika. Unyevu wa ziwa huleta kutu, hivyo hupanguswa na kutiwa mafuta ya cherehani kila baada ya siku chache za kazi. Kitenge huuzwa kwa vipande vya yadi 6, na sindano namba 14 inakifaa. Kitambaa cha pamba hufuliwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo gauni litarudi ndani kwenye maji ya kwanza. Vipimo huchukuliwa upya hata kama viliandikwa mwaka jana: kifua, kiuno, nyonga, bega, na urefu kutoka shingoni. Mwili wa mtu aliye katika dhiki hubadilika haraka, kwa hiyo ni busara kuacha inchi nzima ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni ambapo fundi wa kawaida huacha nusu. Mwili ukirudi, mshono hufumuliwa na nguo hupanuliwa.

Nguo ya kwanza iwe dera, ambalo halihitaji zaidi ya kukunja kitambaa, kukata shingo na kushona ubavu, au sketi ya lastiki. Baada ya hapo blauzi inaweza kukatwa kwa kiolezo cha gazeti kilichochorwa kufuata blauzi ya zamani inayomkaa vizuri. Gauni la zipu na bitana lingoje. Anayekimbilia koti katika wiki ya tatu ya msiba huongeza kushindwa juu ya matatizo aliyo nayo.

Na nguo hiyo ya kwanza iwe yake. Hili linahitaji kusemwa kwa mkazo, kwa sababu miradi mingi ya kusaidia wajane na wasichana waliokatishwa masomo hugawa cherehani na papo hapo kudai mapato. Mwanamke ambaye hajawahi kujishonea hata sketi huwekwa kushona sare za shule, akashindana na mafundi wa miaka ishirini katika soko lililojaa sare. Akishindwa, husemwa kwamba hakuwa na bidii. Mradi unaompa miezi ya mwanzo ajishonee yeye na watoto wake humwacha na mkono uliozoea, na pia na kitu cha kuvaa siku anapokwenda kwa chifu au mahakamani kufuatilia hati za urithi. Nguo inayomkaa vizuri ina kazi siku hiyo.

Anayetaka kwenda mbele hadi kushonea wengine kwa malipo ana njia iliyo wazi. Vyuo vya ufundi vilivyoitwa zamani politekniki za vijiji, ambavyo sasa viko chini ya kaunti, hufundisha ushonaji katika Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na hata aliyejifunzia nyumbani au barazani kwa fundi anaweza kuifanya. Mtahiniwa hupimwa kwa kazi ya mikono: hupewa kitambaa na maelezo ya vazi, akakata na kushona mbele ya msimamizi.