Waifai imejaa vipande vyote, intaneti hamna: usikimbilie kununua ruta mpya

Leo naandika juu ya kitu kilichonikosesha oda ya gunia 15 za vitunguu, na kosa lenyewe lilikuwa la kurekebisha dakika mbili tu.

Mimi niko Ruaha Mbuyuni, hapa barabarani. Wanaotoka Mbeya na Iringa kwenda Dar wanapajua: ukishashuka Kitonga unakuta vitunguu vimepangwa kando ya lami. Wenzangu wanauzia wapita njia, mimi nusu ya mauzo yangu ni mtandaoni. Napiga picha mzigo, naweka WhatsApp na Instagram, mteja akikubali namtengenezea invoisi kwenye kompyuta, analipa, mzigo unapanda gari.

Siku hiyo nilikuwa na ruta mpya, hizi za kuweka laini. Simu ikaunga vizuri. Kompyuta nayo ikaunga, vipande vyote vimejaa, ila imeandika "No internet". Na kuna mama wa Dar anasubiri invoisi tangu saa tatu asubuhi. Nikazima ruta, nikawasha. Nikanunua bando jingine wakati la kwanza halijaisha! Nikaipeleka kwa fundi, akaitazama kidogo akasema imekufa, niache 40,000 anitafutie nyingine. Saa tisa ndiyo akili inanijia kwamba ningehamisha faili kwa waya kwenda kwenye simu. Nikatuma. Akajibu: "Mdogo wangu, nimeshachukua kwa mwingine, gari lilikuwa linaondoka." Simlaumu.

Usiku nikakaa na ile kompyuta mpaka nikaelewa. Intaneti yako inasafiri mara mbili: kwanza kutoka kompyuta hadi ruta, halafu kutoka ruta hadi mnara wa kampuni ya simu. Vile vipande vya waifai vinakuonyesha safari ya kwanza tu. Laini inaweza isiwe na hata MB moja na waifai ikajaa vilevile.

Kwa hiyo anza na simu. Zima data ya simu kwanza (hapa wengi wanajidanganya, simu inatumia bando lake wanadhani ni ruta), halafu iunge kwenye ruta ile ile. Ikifungua vizuri, basi ruta, laini na bando ni vizima, ugonjwa uko kwenye kompyuta. Nayo ikigoma, achana na kompyuta kabisa. Angalia bando, kisha toa laini uiweke kwenye simu uone kama inashika.

Kama ugonjwa uko kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kikija kile kidirisha cheusi andika ipconfig, Enter tena. Usiogope maandishi mengi, tafuta sehemu ya Wi-Fi, mstari wa "IPv4 Address".

Ruta inagawia kila kifaa namba yake. Ruta yangu namba yake imebandikwa chini, 192.168.8.1, kwa hiyo vifaa vyake vyote vinatakiwa kuanza na 192.168.8. Kompyuta yangu ikaonyesha 192.168.1.50! Yaani iko Iringa inatafuta nyumba kwa anwani ya Mbeya. Kumbe aliyeniwekea Windows zamani aliandika namba kwa mkono, ya ruta ya zamani, ikabaki hapo hapo. Simu ilikuwa inaomba namba yenyewe, ndiyo maana haikusumbua.

Dawa kwenye Windows 11: ingia "Settings", "Network & internet", fungua waifai uliyounga, shuka hadi "IP assignment". Ukikuta "Manual" badilisha iwe "Automatic", kisha "Save". Hapo chini yake kuna ya DNS, nayo fanya hivyo hivyo.

Kama namba yako inaanza na 169.254, hiyo ni kesi nyingine. Kompyuta iliomba namba, ruta haikuipa, ikajipa yenyewe. Ifanye kompyuta isahau ile waifai, zima ruta uwashe, unga upya kwa paswedi. Angalia pia waliounga ni wangapi. Ruta ndogo zina kikomo cha vifaa, na kama nusu ya mtaa wana paswedi yako, ibadilishe leo.

Ukimaliza pima. Rudi kwenye kidirisha cheusi, andika ping, acha nafasi, weka namba ya ruta. Ikija "Reply" yenye "time", safari ya kwanza nzima. Halafu ping 8.8.8.8, hiyo ni ya Google, ikijibu na safari ya pili nzima. Zote zikijibu na bado kurasa hazifunguki, andika ipconfig /flushdns ujaribu tena.

Na sisi wa kompyuta za mtumba, tuangalie tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta inarudi miaka ya nyuma na tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Rekebisha tarehe kabla hujamlipa mtu.

Siku hizi invoisi zote nina nakala kwenye simu. Yule mama nilimtumia bei za wiki iliyofuata. Tiki mbili za bluu, mpaka leo hajajibu.