Nyigu na kuvu: walinzi wa shamba wasiokimbia vita

KYAVINYONGE, Kivu Kaskazini – Katika kijiji hiki cha wavuvi, kando ya Ziwa Edward, samaki hupanda mlima na fufu hushuka. Wachuuzi, wengi wao akina mama, hupeleka samaki Butembo na Beni. Magari yakirudi hubeba muhogo, unga wa mahindi, maharagi na ndizi.

Kijiji kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kulima ndani ya hifadhi ni marufuku. Kwa hiyo chakula cha Kyavinyonge hutegemea mashamba ya watu wengine. Mdudu akiingia mahindi ya Lubero au muhogo wa Beni, bei hupanda hata ziwani.

Mdudu anayeogopwa zaidi katika mahindi siku hizi ni kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka bara la Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na katika muda wa miaka miwili hivi alikuwa amefika karibu nchi zote zilizo kusini mwa Sahara, Congo ikiwemo. Nondo jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake, na huruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja. Kiwavi mwenyewe hujificha ndani ya moyo wa mhindi, mahali ambapo dawa ya kupulizia haifiki kwa urahisi.

Jibu la wakulima wengi ni chupa ya sumu. Lakini sumu hiyo haichagui. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa kwa wakulima wadogo wa Afrika Mashariki na Kati ni za jamii ya pairethroidi, kama saipamethrini, ambazo ni hatari sana kwa samaki. Mvua ikinyesha milimani, maji ya mashamba huingia vijitoni, na vijito vingine huishia ziwani. Na hata kabla ya kufika kwa samaki, sumu hiyo imekwisha kuua wadudu wengine waliokuwa wakimsaidia mkulima bila yeye kujua.

Wadudu hao wapo, na pamoja nao wapo kuvu wanaofanya kazi ileile. Wanasayansi wamewatumia kwa miongo kadhaa, na mojawapo ya hadithi zao kubwa ilianzia hapa hapa Congo.

Nyigu asiyemng'ata mtu

Ukisikia nyigu, usifikirie yule mwenye kiota chini ya paa. Nyigu wanaozungumziwa hapa ni wadogo mno. Baadhi yao wana urefu wa nusu milimita tu, na hawana habari na binadamu. Jike hutafuta yai au mwili wa mdudu mharibifu, hutoboa, kisha hutaga yai lake ndani. Mtoto wa nyigu hukua kwa kumla mwenyeji wake kutoka ndani, halafu hutoka akiwa nyigu kamili na kwenda kutafuta mwingine.

Kila aina ya nyigu ina windo lake. Anayetaga katika mayai ya kiwavijeshi hamgusi nyuki, hamgusi kuku, wala haharibu jani. Hapo ndipo anapotofautiana na chupa.

Somo lililoanzia Congo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa pande zote mbili za Mto Congo, karibu na Kinshasa na Brazzaville, waliona muhogo wao ukidumaa. Majani ya nchani yalijikunja na kusongamana, na sombe ikapotea sokoni. Mhusika alikuwa mdudu mdogo mweupe, kama aliyepakwa unga, anayeitwa kidung'ata wa muhogo. Alikuwa ametoka Amerika Kusini, na huku Afrika hakuwa na adui wa kumzuia. Alisambaa nchi baada ya nchi, na kuna mashamba yaliyopoteza hadi asilimia 80 ya mavuno.

Kupulizia sumu katika muhogo wa bara zima kusingewezekana. Muhogo ni zao la maskini, hukaa shambani mwaka mzima na zaidi, na mwenye shamba hana fedha za dawa. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, yenye makao Ibadan nchini Nigeria, iliamua kumtafuta adui wa kidung'ata kule alikotoka. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay: nyigu mdogo ambaye wataalamu humwita Anagyrus lopezi. Alipelekwa kwanza Uingereza kukaguliwa katika karantini, kisha akaletwa Nigeria, na mwishoni mwa mwaka huohuo nyigu wa kwanza wakaachiwa mashambani.

Katika miaka iliyofuata walizalishwa kwa wingi na kuachiwa katika nchi nyingi, Zaire ya wakati huo ikiwemo. Baadhi walimwagwa kutoka kwenye ndege. Walisambaa wenyewe, na katika sehemu kubwa ya bara kidung'ata akapungua hadi kiwango ambacho muhogo unaweza kukivumilia. Mwanasayansi Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Wakati huo alikuwa tayari akiongoza icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, ambacho kilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo.

Kuna sehemu ya hadithi hii isiyosimuliwa sana. Nyigu hakuwa peke yake. Kule Congo-Brazzaville, katika miaka ya 1980, watafiti waliona kwamba majira ya mvua yakifika, vidung'ata hufa kwa wingi kutokana na kuvu inayoitwa Neozygites fumosa. Kidung'ata hustawi kiangazi, na wakati huo nyigu ndiye mlinzi mkuu. Mvua zikija, kuvu nayo huingia kazini, na matone mazito humalizia kwa kuwaangusha wadudu waliobaki. Hivyo walinzi wawili walishika zamu katika shamba moja, bila mtu kuwapanga.

Kuvu inayoua bila kumezwa

Mkulima huijua kuvu kama ugonjwa, ile inayoozesha maharagi ghalani. Lakini zipo kuvu zinazougua nazo wadudu tu. Zinazotumika zaidi ni mbili, Metarhizium na Beauveria, na zote huishi udongoni kwa asili.

Mbegu zake, zilizo ndogo kama vumbi, hunata kwenye ngozi ya mdudu. Zikipata unyevu huota, hutoboa ngozi na kukua ndani ya mwili. Mdudu hupunguza kula, na baada ya siku chache hufa. Mzoga wake hufunikwa na unga wa kijani ikiwa ni Metarhizium, au mweupe ikiwa ni Beauveria. Unga huo ni mbegu mpya, zinazomsubiri mdudu mwingine apite.

Afrika Mashariki imeshaitumia kuvu hii kwa mashamba na mbuga kubwa. Mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia Tanzania kupambana na nzige wekundu katika maeneo ya Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi kwa kutumia dawa iliyotengenezwa kwa Metarhizium. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipovamia Pembe ya Afrika, Somalia nayo iliitegemea kwa kiasi kikubwa. Nchini Kenya, aina za Metarhizium zilizochaguliwa na icipe hutengenezwa kiwandani na kuuzwa kwa wakulima.

Wawili katika shamba moja

Faida ya kuwaunganisha ni kwamba mmoja hufika pale ambapo mwenzake hafiki. Chukua kiwavijeshi. Nyigu Telenomus remus hushambulia mayai yake. Watafiti walimkuta tayari anaishi Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi alizopatikana, kabla ya mtu yeyote kumwachia kwa makusudi dhidi ya mdudu huyu. Nyigu mwingine, Cotesia icipe, hutaga ndani ya viwavi wachanga. Metarhizium nayo, katika majaribio ya icipe, iliua zaidi mayai na viwavi waliotoka kuanguliwa kuliko viwavi waliokwisha kukua. Anayemponyoka mmoja, hukutana na mwingine.

Katika maembe ya Kenya, njia hizi hutumika pamoja dhidi ya nzi wa matunda aliyeingia nchini mwaka 2003: nyigu walioletwa kutoka Hawaii, kuvu dhidi ya nzi wenyewe, pamoja na mitego na kuzika matunda yaliyooza.

Kwenye kahawa, zao ambalo Butembo inalijua vizuri, kuna ruhuka, mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda na kula buni ndani yake. Adui wake mmoja ni nyigu Prorops nasuta, ambaye kwao ni Afrika. Mwaka 1929 alichukuliwa Uganda na kupelekwa Brazil, na huko wakamwita nyigu wa Uganda. Baadaye Colombia nayo ilileta nyigu wa Afrika na kuwatumia sambamba na kuvu Beauveria. Yaani dawa iliyovuka bahari kwenda kuokoa kahawa ya wengine ilitoka ng'ambo ya mpaka wa Kasindi.

Hata hivyo, wawili hawa wanaweza kugongana. Kuvu ikimpata kiwavi ambaye tayari ana mtoto wa nyigu ndani yake, kiwavi anaweza kufa mapema na mtoto wa nyigu akafa naye. Ndiyo maana kazi zao hupishanishwa. Nyigu huachiwa kwanza, nondo wanapoanza kuonekana. Kuvu hupuliziwa siku kadhaa baadaye, na pale tu ambapo viwavi bado ni wengi. Hupuliziwa jioni, kwa sababu jua kali huua mbegu zake, na unyevu wa usiku huzisaidia kuota. Haifai kuchanganywa na dawa ya kuua ukungu, kwa maana nayo ni ukungu.

Shamba lisilo na mwenyewe

Katika eneo la Beni hoja hii ina uzito wa pekee. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yamewalazimisha watu wengi kuacha mashamba yao. Wengine huenda asubuhi na kurudi kabla jua halijazama, wengine hukaa miezi bila kuliona shamba.

Dawa ya chupa inamtaka mwenye shamba awepo. Anunue, achanganye, apulizie, na baada ya wiki chache arudie. Akikimbia, ulinzi unakoma. Nyigu aliyekwisha kujikita hamhitaji mtu. Yule wa muhogo ameendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 40, kupitia vita na uhamisho, bila mshahara wala kibali cha kupita barabarani.

Kuvu ya kupulizia haina uhuru huo. Inahitaji mikono, bomba na mahali pa baridi pa kuihifadhi. Kwa hiyo mgawanyo wa kazi unaeleweka: nyigu kwa mashamba ya mbali, kuvu kwa mashamba ya karibu na mji ambayo mkulima anaweza kuyatembelea.

Lakini mtu asiahidiwe miujiza. Dhidi ya kiwavijeshi, nyigu hawajapata ushindi mkubwa kama ule wa muhogo; wanapunguza hasara, hawaifuti. Na walinzi hawa huchukua siku kadhaa kabla kazi yao kuonekana. Mzazi anayetegemea mahindi hayo kulipa ada ya shule hutamani kuona kiwavi amekufa leo.

Kuwazalisha si kazi ya viwanda vikubwa pekee. Nyigu wa mayai hulelewa chumbani juu ya mayai ya nondo, na Metarhizium hukuzwa juu ya mchele uliopikwa. Butembo ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, chenye masomo ya kilimo, na vyama vya wakulima vilivyozoea kuuza kahawa pamoja. Kinachotakiwa ni fedha ndogo ya kudumu, na ukaguzi wa serikali. Kumleta mdudu mgeni mfukoni kutoka nchi nyingine ni hatari na si njia ya kufuata.

La kufanya sasa

Hata bila maabara, mkulima anaweza kuwalinda walinzi alio nao. Cha kwanza ni kuwatambua. Mayai ya kiwavijeshi yaliyogeuka meusi mara nyingi yana nyigu ndani yake, kwa hiyo yaachwe. Yale ya rangi ya krimu yapondwe kwa vidole. Kifuko cheupe kama pamba kando ya kiwavi aliyedhoofika ni nyumba ya nyigu. Kidung'ata aliyekauka, mgumu, wa rangi ya kahawia, ameshashambuliwa. Kiwavi aliyekufa akiwa na unga mweupe au wa kijani asichomwe wala kutupwa mbali. Abaki palepale awaambukize wenzake.

Cha pili ni kupanda mahindi pamoja na maharagi, kama wazee wa milima hii walivyozoea, na kuacha maua kidogo pembezoni, kwa kuwa nyigu mkubwa hunywa maji matamu ya maua. Cha tatu ni kukagua shamba kabla ya kushika bomba, na kutopulizia kwa mazoea. Kila mnyunyizo usio wa lazima huua nyigu wa msimu huu pamoja na watoto wao wa msimu ujao.

Huku chini Kyavinyonge, mama anayepanga samaki wake juu ya meza huenda asimwone nyigu huyo maisha yake yote. Lakini bei ya fufu atakayonunua jioni, na usafi wa maji anamovuliwa samaki wake, vinategemea pia kama kule juu mlimani walinzi hao wameachwa hai.